Namna ya kuifuata ruzuku ya shule mpaka ifike kwenye daftari la mwanao

Mimi ni fundi cherehani, nakaa kijiji kimoja mkoani Tanga. Mwaka 2019 wazazi wenzangu walinichagua niingie kamati ya shule ya msingi kwa sababu moja tu: nilikuwa mhazini wa kikoba chetu, na hesabu zangu za kila Jumamosi hazikuwahi kupotea hata shilingi mia. Walitumaini nitamkamata mwizi. Sikumkamata, maana hakuwepo. Nilichokikuta kiliniumiza zaidi: pesa ya serikali ilikuwa inafika, inatumika kwa vocha za malipo na risiti, na watoto wa darasa la pili hawajui kusoma.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuuliza maswali mawili. La kwanza ni lile tunalolijua sote: pesa imefika, na imekwenda wapi? La pili ndilo linalosahaulika: pesa hiyo imemgusa mtoto yupi, katika somo gani? Hapa naeleza ninavyoyauliza yote mawili, ili na wewe uyaulize shuleni kwenu, uwe mjumbe wa kamati au mzazi wa kawaida.

Anza na idadi ya watoto

Usianze na pesa, anza na vichwa. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ya serikali imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 ndizo zinazoingia akaunti ya shule, na 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Kwa hiyo kila mtoto analetea shule shilingi 500 kwa mwezi. Sekondari kiwango ni 25,000 kwa mwaka, nusu inakwenda shuleni na nusu kwenye vitabu; na mwanafunzi wa kutwa analipiwa na serikali ile ada ya 20,000 tuliyokuwa tukiilipa sisi zamani.

Mwaka wangu wa kwanza shule yetu ilikuwa na watoto 612. Nilichukua chaki nikaandika kwenye meza ya kukatia vitambaa: 612 mara 500, ni 306,000 kwa mwezi. Kwa mwaka 3,672,000. Upande wa vitabu, 612 mara 4,000 ni 2,448,000. Hesabu hiyo inachukua dakika mbili, lakini ukiingia kikaoni bila kuifanya utasikiliza tu, hutauliza kitu.

Hakikisha idadi unayoitumia ndiyo iliyoingizwa kwenye mfumo wa takwimu za shule. Kwetu, watoto walioandikishwa Januari walikaa kwenye daftari la mahudhurio bila kuingizwa kwenye mfumo. Darasani walikuwepo, kwenye hesabu ya ruzuku hawakuwepo, na wenzao wakawa wanagawana nao chaki. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwaka muulize mwalimu mkuu swali hili kwa adabu: “Mwalimu, wa darasa la kwanza wote wameshaingia kwenye mfumo? Na wa awali je?” Swali hilo moja linaweza kuleta pesa nyingi kuliko harambee.

Jambo jingine la kulijua mapema ni kwamba posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, shilingi 200,000 kwa mwezi kwa shule ya msingi, ni pesa nyingine kabisa. Haitoki kwenye ruzuku ya watoto. Nimeona vikao vikivurugika kwa sababu mzazi kasikia mwalimu mkuu “analipwa laki mbili za elimu bure” akadhani ni zile zile. Usiingie kwenye ugomvi huo.

Omba karatasi

Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, ruzuku inatoka Hazina na kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Zamani ilipitia halmashauri na kule njiani ilikuwa inachelewa na kupungua. Mabadiliko haya yana faida kubwa kwetu sisi wazazi, kwa sababu ushahidi wote sasa upo kwenye jengo moja, kabati moja, mara nyingi nyuma ya kiti cha mwalimu mkuu.

Karatasi za kuomba ni nne: taarifa ya benki ya miezi mitatu, daftari la fedha, vocha na risiti zake, na muhtasari wa kikao kilichoidhinisha matumizi. Pamoja na hizo, taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, mahali mzazi yeyote anaweza kuisoma. Kama ubao una ratiba ya mwaka juzi na tangazo la chanjo tu, umeshapata ajenda yako ya kwanza.

Siku ya kwanza nilipoomba, mwalimu mkuu aliniangalia kidogo kisha akasema, “Mama, hizi ni karatasi za ofisi.” Nikamjibu, “Ndiyo Mwalimu, na mimi wazazi wamenituma ofisi hiyo hiyo.” Alicheka, akafungua kabati. Baadaye tukawa marafiki, kwa sababu alitambua kwamba nikizijua hesabu zake nitaweza kumtetea kijijini. Walimu wakuu wengi wanaogopa kuonewa kuliko kukaguliwa. Nenda na daftari, usiende na jazba, na ukiona kitu hukielewi uliza kabla hujakisema nje ya geti.

Ukisoma vocha, usitafute wizi peke yake. Chukua kalamu, mbele ya kila malipo andika darasa lililofaidika. Hilo sikufundishwa na mtu, nililitoa kwenye cherehani: mimi kila kitambaa kinachotoka dukani nakiandikia jina la mteja. Nilipofanya hivyo kwa vocha za miezi sita, nikapata picha iliyonikosesha usingizi. Karatasi za rimu zilikuwa za majaribio ya darasa la saba na la nne, madarasa yenye mitihani ya taifa. Wino na kurudufisha, la saba na la nne. Nauli ya kupeleka takwimu, ofisi. Rangi ya ukuta wa mbele, ofisi. Darasa la kwanza na la pili walipata chaki. Kila risiti ilikuwa halali, na kamati iliyotutangulia ilikuwa imeidhinisha kila kitu.

Kaa darasani asubuhi moja

Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo pesa inapogeuka matokeo au inapopotelea.

Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, fika kabla ya kengele ya saa mbili, ukae nyuma ya darasa mpaka mapumziko. Usiseme neno. Hesabu. Watoto wangapi wapo, na wangapi kwenye daftari la mahudhurio? Dawati moja linakaliwa na wangapi? Kitabu kimoja cha kusoma wanachangia wangapi? Mwalimu aliingia saa ngapi, akatoka saa ngapi? Kisha fungua daftari la mtoto aliye karibu nawe: kazi ya mwisho iliyosahihishwa ni ya tarehe ngapi?

Darasa la pili letu lilikuwa na watoto 94 katika chumba kimoja na mwalimu mmoja. Kitabu kimoja kilishikwa na watoto sita au saba, na aliyekaa pembeni alikuwa anakisoma kichwa chini miguu juu. Mwalimu yule, dada wa watu, alikuwa anajitahidi mpaka sauti inakauka. Alifundisha silabi ubaoni, watoto wakaitikia kwa pamoja, darasa zima likaimba vizuri kabisa. Ukipita dirishani ungesema wanajua. Nilipoinama kwa mtoto wa kike aliyekuwa mbele yangu nikamwonyesha silabi moja peke yake, hakuijua. Alikuwa ameukariri wimbo.

Kwa hiyo baada ya asubuhi hiyo fanya jaribio dogo la kusoma. Wale wa Uwezo, waliokuwa wakipita majumbani kuwapima watoto, walitumia ngazi rahisi ambazo mzazi yeyote aliyesoma anaweza kuziiga: silabi, neno, aya fupi, hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwite mtoto mmoja mmoja chini ya mwembe, mpe karatasi, andika alipokwama. Usimkaripie wala usimsaidie, na matokeo usiyaseme kwa jina la mtoto mbele za watu. Mimi na mjumbe mwenzangu tulichukua siku mbili. Kati ya wale 94, walioweza kusoma aya walikuwa 21.

Nilipoirudisha namba hiyo ofisini hakuna aliyebisha, maana mwalimu wa darasa mwenyewe alisema, “Nimelisema hili miaka miwili.” Mtoto asiyesoma akiwa la pili atafika la nne kwenye upimaji wa taifa akiwa anakisia majibu, na la saba tutamnunulia rimu za majaribio ambayo hawezi kuyasoma. Zile shilingi zote za madarasa ya juu zilikuwa zinajenga juu ya msingi ambao haukumwagwa zege.

Kwa nini pesa peke yake haikutosha

Nataka nikupe ushahidi mkubwa kuliko wa shule yetu. Mwaka 2013 na 2014 ulifanyika Tanzania utafiti ulioitwa KiuFunza, kifupi cha “Kiu ya Kujifunza”, wa shirika la Twaweza pamoja na watafiti wa uchumi. Waligusa shule za msingi 350 katika wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya ziada, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili halikupewa ruzuku, ila walimu wa darasa la kwanza mpaka la tatu waliahidiwa 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Hesabu au Kiingereza, na mwalimu mkuu 1,000. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili. La nne halikupewa kitu, likawa la kulinganishia.

Shule zilizopewa ruzuku tu, alama za watoto hazikupanda. Pesa ilifika, ilinunua vitabu na vifaa, na kwa upande mwingine wazazi wakapunguza walichokuwa wakitoa wenyewe. Zilizopewa motisha ya walimu tu, matokeo yalikuwa ya kusuasua. Zilizopewa vyote viwili ndizo zilizopanda waziwazi, tena zaidi ya ungepata kwa kujumlisha lile na lile.

Mimi nauelewa utafiti huo kwa kazi yangu. Ukimpa fundi kitambaa bila kumwambia nguo inatakiwa lini na ya nani, kitambaa kitakaa. Ukimwahidi malipo mazuri lakini uzi hana, atakuangalia tu. Kamati ya kijiji haina uwezo wa kumlipa mwalimu kwa kila mtoto anayefaulu, na sikushauri ujaribu. Tunachoweza ni kuhakikisha kila shilingi inayotoka ina mwalimu aliyeiomba, ina watoto wanaojulikana, na ina siku ya kuangalia kama wamejua.

Kikao cha bajeti

Kikao kile tulikaa tangu saa tisa mpaka adhana ya magharibi. Tulikuwa na zile 306,000 mbele yetu. Mwongozo wa serikali unaelekeza ruzuku igawanywe kwa mafungu, vifaa vya kufundishia, mitihani, ukarabati, utawala na kadhalika, kila fungu na asilimia yake. Heshimuni asilimia hizo. Ukihamisha fedha kiholela utamtia mwalimu mkuu matatani na mkaguzi. Lakini ndani ya fungu la vifaa, hakuna mahali palipoandikwa kwamba la saba wale kwanza.

Tulimuuliza mwalimu wa darasa la pili anataka nini. Hakuomba makubwa. Aliomba manila za kutengenezea kadi za silabi, kalamu za wino mzito, na rimu mbili ili kila mtoto apate hadithi fupi ya kwenda nayo nyumbani. Jumla ikaja shilingi 60,000. Elfu sitini! Hiyo ndiyo iliyokuwa imekosekana miaka miwili, wakati geti likipakwa rangi mara mbili.

Halafu likaja lile lisilohitaji hata senti, nalo ndilo lililokuwa gumu. Mwalimu mwenye uzoefu mkubwa wa kusomesha wadogo alikuwa juu, darasa la sita. Mwalimu mkuu alikubali kumhamishia la pili, na darasa likagawanywa mikondo miwili, mmoja unaingia asubuhi na mwingine mchana, kwa kuwa chumba hatukuwa nacho. Wazazi wa mkondo wa mchana walinung'unika. Tulikwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza.

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi mjumbe mmoja alikwenda kuwasikiliza watoto wakisoma, mmoja mmoja, kwa ngazi zile zile. Namba ziliandikwa kwenye karatasi ile ile ya mapato na matumizi, chini ya salio la benki, zikabandikwa ubaoni. Fanyeni hivyo hivyo kwenu: pesa na kusoma vikae kwenye karatasi moja, ili mzazi akisoma kwamba 60,000 zimetoka aone papo hapo ni watoto wangapi wamevuka kutoka silabi kwenda neno. Mpaka Novemba walioweza kusoma aya walikuwa 58. Waliobaki walikuwa 36, na wengi wao ni wale wale watoro wa msimu wa machungwa.

Yaliyo nje ya uwezo wa ruzuku

Niseme wazi: 10,000 ni ndogo. Kiwango hiki kiliwekwa wakati wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, kikiwa sawa na dola 10 hivi. Leo shilingi 10,000 haifiki dola tano, na rimu ya karatasi peke yake inazidi fedha ya uendeshaji ya mtoto mmoja kwa mwaka mzima. Kudai kiwango kipandishwe ni haki yetu, na mbunge wenu muulizeni hilo akija. Mimi humuuliza kila anapokuja.

Majengo yana mafungu yake. Mwaka 2021 serikali ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama, na baadaye ukaja mradi wa BOOST kwa shule za msingi. Kwa hiyo msimalize ruzuku kwa kujenga. Ombeni chumba kupitia bajeti ya halmashauri, mkianzia kwa mtendaji na diwani, mapema kabla bajeti haijapangwa.

Chakula cha mchana cha watoto wa kutwa ni chetu sisi wazazi, pamoja na sare na madaftari. Waraka wa Elimu namba 3 wa 2016 umesema hivyo. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili bila chai, ikifika saa sita hasikii tena, hata kama kitabu ni chake peke yake. Ila michango lazima iwe ya hiari, ikubaliwe na mkutano wa wazazi na kupata kibali cha viongozi wa wilaya, na mwalimu asishike pesa. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima, na baada ya hapo shule nyingi ziliogopa hata uji. Sisi tulianza na debe moja la mahindi kwa kaya, linapokelewa na kamati, linaandikwa, na asiyekuwa nalo mtoto wake anakunywa kama wenzake. Hilo la mwisho msilipuuze. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya debe, mmemnyima na ile 500 ya serikali.

Walimu ndio fungu kubwa kuliko yote, kwa sababu mishahara yao ni fedha ya serikali pia, ijapokuwa haipiti kwenye akaunti ya shule. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Watoto 612 wanahitaji walimu 14. Sisi tulikuwa na tisa. Ukizipigia hesabu, pengo la walimu watano lina thamani kubwa mno kuliko ruzuku yote tunayoigombania vikaoni. Hili andikeni barua. Barua iwe na idadi ya watoto kwa kila darasa, idadi ya walimu waliopo na masomo yao, na yale matokeo ya kusoma ya Ijumaa. Isainiwe na mwenyekiti wa kamati, ipitie kwa Afisa Elimu Kata, iende kwa mkurugenzi wa halmashauri. Chapeni nakala mbili, na ile ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kabla hamjaondoka pale masjala.

Ya kwetu tuliandika mara tatu. Baada ya ya tatu tuliletewa walimu wawili, mmoja wa Hesabu.